Kilima kile shambani: kichuguu, gofu, jaa la kome au kazi ya Mjerumani?

Lindi na Mtwara zimejaa vilima vidogo ambavyo hakuna anayejua kwa hakika vilianzaje. Kimoja kiko katikati ya mikorosho, kingine nyuma ya msikiti, kingine pembezoni mwa mikoko ambako kaa wamekitoboa kila upande. Ukiuliza, hukosi jibu. Mzee atakuambia ni kaburi la mkubwa fulani wa zamani. Vijana watasema Mjerumani alifukia rupia humo alipokuwa anakimbia. Aliyesoma kidogo atataja Washirazi. Mwenye lori la mchanga haoni historia yoyote, anahesabu tripu za kifusi.

Majibu hayo hayana uzito sawa, na lile utakaloliamini ndilo litakaloamua kilima kitafanywa nini. Ukiamini ni kichuguu, utachota udongo ufyatue matofali, na kama kweli ni kichuguu hakuna aliyepoteza kitu. Ukiamini ni kichuguu kumbe ni gofu la nyumba ya karne ya 14, umepeleka sakafu ya watu kwenye msingi wa choo. Ukiamini ni hazina utachimba shimo usiku, na hilo ndilo baya kuliko yote kwa kilima cha aina yoyote. Kwa hiyo nayaweka maelezo haya ubavu kwa ubavu, ili mwenye kilima ajue aanze na lipi na aache lipi mwisho.

Kabla ya hapo, kuna maswali mawili ambayo karibu kila mtu huyachanganya: nani alikiinua kilima, na nani alikitumia. Mfano mzuri ninaoujua uko mbali na hapa. Kusini mwa Uingereza, katika mji wa Marlborough, kuna kilima cha udongo chenye kimo cha mita 19 ndani ya viwanja vya shule. Wenyeji walisimulia kwamba ni kaburi la Merlin, yule mchawi wa hadithi zao, hata kaulimbiu ya mji ikataja mifupa yake. Wasomi wakaicheka hadithi hiyo, wakasema ni kilima cha ngome ya Wanomani, waliovamia nchi ile mwaka 1066, na walikuwa na sababu: ngome kweli ilikuwepo juu yake na nyaraka zinaitaja. Mwaka 2010 watafiti wakatoboa matundu membamba toka kileleni hadi chini na kuokota vipande vya mkaa. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba kilima kiliinuliwa yapata mwaka 2400 kabla ya Kristo. Wanomani walikikuta tayari kina umri wa miaka zaidi ya 3000, wakapanda juu, wakajenga. Wasomi hawakusema uongo kuhusu ngome. Walijibu swali la pili wakadhani wamejibu la kwanza.

Hapa kwetu mtego huo ni mkubwa zaidi, maana tunaye fundi wa vilima ambaye si binadamu.

Kichuguu dhidi ya gofu

Mimi huanza na kichuguu kila mara, bila aibu. Watu wengi wakisikia kichuguu wanafikiria ule mnara mwekundu wa kimo cha kiuno ambao kumbikumbi hutoka mvua ikinyesha. Kuna vichuguu vya namna nyingine katika nchi ya miombo: vipana zaidi ya mita 10, virefu kuliko mtu, mteremko wake umelainika, mchwa wameshahama, na miti mikubwa imeota juu. Huko Katanga, Kongo, watafiti walipima umri wa vichuguu vikubwa vya aina hiyo na kukuta vingine vilivyoachwa vina zaidi ya miaka 2000. Linganisha na Kilwa Kisiwani, ambako watu walianza kukaa yapata karne ya 9. Kwa hiyo mtu akikuambia "kilima hiki ni cha kale mno, babu wa babu yangu alikikuta, hakiwezi kuwa kichuguu", hajakuambia kitu. Kichuguu kinaweza kuwa cha kale kuliko mji wowote wa mawe wa pwani hii.

Gofu nalo lina sura mbili, na ya pili husahauliwa. Sura ya kwanza ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti za mikoko zikioza, dari nzito huanguka ndani, kuta huifuata, vichaka hufunika, na baada ya muda unabaki na mwinuko wenye mawe. Ndivyo sehemu kubwa ya Kilwa ilivyokuwa kabla mwanaakiolojia Neville Chittick hajaanza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1950. Hata Husuni Kubwa, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lilikuwa vifusi na msitu. Sura ya pili ni nyumba ya fito na udongo. Hiyo ikianguka huacha uvimbe mdogo tu ardhini, mara nyingi haufiki hata gotini. Kilwa yenyewe ilikuwa ya nyumba za udongo kwa vizazi kadhaa kabla mawe hayajaenea. Songo Mnara, kisiwa jirani ambako wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza kuchimba mwaka 2009, sehemu za ndani ya ukuta wa mji zilizoonekana tupu zilikutwa na mabaki ya nyumba za namna hiyo. Ukiwa Mikindani au Mgao usingoje ukuta wa mawe ndipo uamini kwamba watu waliishi mahali.

Unavitofautishaje? Anza na chembe za udongo. Mchwa hubeba udongo kwa mdomo, chembe moja moja, na hawezi kunyanyua kokoto. Mwili wa kichuguu kwa hiyo ni udongo laini wa aina moja toka juu hadi chini, mgumu sana wakati wa kiangazi, hauna changarawe. Gofu ni mchanganyiko: mawe, mabonge ya chokaa, vigae, majivu, udongo uliochomwa. Pwani kuna tahadhari moja. Ardhi yenyewe ya pwani yetu ni matumbawe ya kale yaliyoinuka, kwa hiyo kukuta jiwe la matumbawe si hoja. Tafuta jiwe lenye chokaa iliyogandia, lipu yenye uso mmoja bapa, au mawe yaliyojipanga kwa mstari. Jiwe lenye kazi ya mkono wa mtu hujulikana ukiligeuza.

Vigae vya vyungu ndivyo vinavyowapoteza watu. Kigae juu ya kichuguu hakithibitishi chochote. Watu wamelima juu ya vichuguu, wamejenga juu yake, wamevunjia vyungu hapo. Kigae cha chini nacho kina hila. Kwa mamia ya miaka mchwa hupandisha udongo laini toka chini na kuumwaga juu, na vitu vizito vilivyokuwa juu ya ardhi huzikwa polepole bila mtu kuvigusa. Wanaakiolojia wanaofanya kazi katika nchi za joto huukuta mara kwa mara ule mstari wa kokoto na vigae uliolala chini sana, wakajua si lazima uwe sakafu ya zamani. Kigae kilichotoka mita moja kwenda chini karibu na kichuguu huenda kilidondoshwa juu ya ardhi kama mimi na wewe tunavyodondosha vitu leo. Usitumie kina kama kalenda.

Baada ya chembe, angalia majirani. Vichuguu hukaa kwa kuachana, kwa sababu kila kundi la mchwa lina eneo lake la kutafutia chakula. Ukisimama juu ya kilima chako ukaona vingine viwili vitatu vya sura ileile vimeachana kwa umbali unaokaribiana, jibu limeshakuja. Gofu huwa na majirani wa aina nyingine: kisima cha kale, makaburi, mahali pa kupandishia mashua, mlango wa mkono wa bahari. Mbuyu, ambao kila mtu huutaja kama ushahidi wa mji wa kale, mimi nauhesabu shahidi dhaifu. Huota kwenye magofu, huota kwenye vichuguu, na huota pasipo na kimoja wala kingine.

Kama unataka kuona ndani bila kuchimba, waulize wanaotafuta samaki nchanga. (Msomaji wa mbali: huyo ni panya wa shambani, na Mtwara ni kitoweo cha heshima.) Anayefukua mashimo ya panya ameona matumbo ya vilima vingi kuliko mtafiti yeyote, na udongo ambao panya ameutoa nje ni sampuli ya bure. Ukiwa laini mtupu, kichuguu. Ukiwa na majivu, magamba na vipande vya chungu, simama.

Hukumu yangu kwa sehemu hii: Liwale, Nachingwea, Masasi, Nanyumbu, Tandahimba, Newala, kichuguu kinaongoza kwa mbali na anayedai vingine ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ukikaribia maji ya chumvi, Kilwa, ghuba ya Lindi, Mikindani, Mgao, mambo yanageuka: kilima chenye chokaa nakihesabu gofu mpaka mtu anionyeshe vinginevyo.

Jaa la kome dhidi ya tanuri la chokaa

Vilima hivi viwili vyote ni vyeupe, vyote viko karibu na pwani, na watu huviita "mabaki ya kale" bila kuvichungulia. Jaa ni magamba ya chaza, kome na tondo yaliyotupwa baada ya kula, yamechanganyika na miiba ya samaki, majivu na vigae, tena kwa matabaka. Tanuri ni mahali ambapo matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo yakachomwa yawe chokaa. Linaacha duara la majivu, matumbawe yaliyoungua nusu, unga mweupe ulioganda kwa mvua, na udongo mwekundu ulioiva chini yake. Mabaki ya chakula hukosekana au ni ya wachomaji wenyewe.

Kati ya hivyo viwili, jaa lina thamani kubwa zaidi kwa anayetafuta historia, na ndilo linalodharauliwa zaidi kwa sababu linaonekana uchafu. Chokaa imechomwa pwani hii mpaka kizazi cha jana, hivyo tanuri laweza kuwa la babu yako tu. Jaa nalo tabaka lake la juu laweza kuwa la juzi, maana akina mama wanakwenda kuokota kombe bamvua mpaka leo, lakini chini yake yaweza kuwa ya miaka mingi sana. Ila kuna jambo la kumwambia yeyote atakayekuletea "umri" wa jaa uliopimwa kwa kaboni: muulize alipima nini. Viumbe wa baharini hunyonya kaboni iliyokaa muda mrefu majini, kwa hiyo gamba husoma umri mkubwa kuliko wake wa kweli, kwa wastani miaka 400 hivi, mpaka hesabu irekebishwe. Mkaa uliotoka tabaka lilelile ni shahidi bora. Miaka 400 pwani hii ni tofauti kati ya Kilwa ikiwa katika fahari yake na Mreno akiwa ameshaichoma.

Vilivyonyooka: vita, karanga, reli, mifupa

Kilima kirefu kilichonyooka si kichuguu na kwa kawaida si gofu. Hapo washindani wanabadilika, na wote ni wa karne ya 20.

Mwaka 1917 vita vya Wazungu vilipita hapa kwa miguu. Julai 19 walipigana Narungombe, nyuma ya Kilwa. Oktoba 15 hadi 18 wakauana Mahiwa, karibu na Nyangao. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma na mabaki ya jeshi lake. Kila walipojichimbia waliacha mahandaki. Alama ya handaki ni kwamba tuta lina shimo lake ubavuni: udongo ulioinuka ni ule uliotoka hapo chini. Tena huwa limekabili kitu, njia, mto au kivuko.

Miaka 30 baadaye ukaja mradi wa karanga wa Mwingereza. Kati ya 1947 na 1951, Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi huo, pamoja na Kongwa na Urambo. Mitambo iling'oa msitu na kusukuma miti pamoja na udongo wa juu kwenye safu ndefu. Miti ikaoza au ikachomwa, yakabaki matuta yanayokwenda sambamba. Mradi ulikufa, lakini bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilishajengwa kwa ajili yake; reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na pale tuta lake lilipobaki, lina upana uleule mwendo mrefu, linapasua mwinuko na kujaza bonde.

Kuchagua kati ya hivi vitatu hakuhitaji mtaalamu. Tuta moja lenye shimo ubavuni na pembe-pembe: vita. Matuta mengi yaliyo sambamba bila mashimo: karanga. Tuta moja la upana mmoja lisilojali nani analima wapi: reli. Picha za setilaiti kwenye simu yako huonyesha mpangilio huo vizuri kuliko ukisimama juu yake. Na hapa, tofauti na kote kwingine katika ulinganisho huu, neno la mzee lina uzito wa kwanza. Habari ya mwaka 1950 mzee anaweza kuwa aliiona mwenyewe akiwa mtoto, au baba yake alilipwa mshahara huko. Mzee huyohuyo akikueleza kilima cha miaka 800, anakupa alichosikia, nacho kina thamani nyingine.

Mshindani wa nne yuko Tendaguru pekee, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Werner Janensch na Edwin Hennig, kisha Hans Reck, waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria pale. Mamia ya vibarua wenyeji walifanya kazi hiyo, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, na zaidi ya tani 200 za mifupa zikabebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, zikasafirishwa Berlin. Waingereza nao walichimba kati ya 1924 na 1931. Shughuli kama hiyo huacha shimo na lundo la udongo kando yake, kwa hiyo ukikuta vilima katika pori la Tendaguru, fikiria kwanza koleo la mwaka 1909 kabla ya mtemi wa kale.

Rupia

Maelezo ya hazina ndiyo nayaweka mkiani, lakini siyadharau, kwa sababu yana mzizi. Rupia ilikuwa fedha halali ya utawala wa Kijerumani, na mwaka 1916 walitengeneza Tabora hata sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo. Kinachokosekana ni kiungo kati yake na kilima chako. Jeshi lililopita hapa mwaka 1917 lilikuwa linakwenda kwa miguu, linategemea wapagazi, limeishiwa chakula na dawa. Na anayeficha kitu hainui kilima cha mita tatu ili kila mpita njia akione. Hazina kubwa ya Mjerumani iliyoacha alama kusini ni ile ya Tendaguru, na hiyo hakuifukia. Aliifukua akaondoka nayo. Kiunzi kimoja chake kimesimama Berlin, kimo cha mita 13.

Wazungu wenyewe wameugua ugonjwa huu. Silbury Hill, kilima cha kale kilicho kilomita chache toka kile cha Marlborough, kina kimo kinachokaribia mita 40, na wenyeji walisimulia kwamba mfalme Sil alizikwa humo na dhahabu. Mwaka 1776 wakachimba shimo toka kileleni. Mwaka 1849 wakapasua njia toka ubavuni. Kati ya 1968 na 1970 wakaingia tena, mara hii watafiti, mbele ya kamera za televisheni. Hakuna mfalme, hakuna dhahabu, hakuna hata kaburi. Mei 2000 lile shimo la 1776 likadidimia, tundu likafunguka kileleni, na ilipofika 2007 ikabidi kazi kubwa ifanywe kujaza mashimo yote ya waliotangulia.

Hasara ya shimo la hazina si tundu peke yake. Linaharibu ulinganisho kwa atakayekuja baadaye. Shimo la zamani lililobomoka katikati ya kilima hufanana na kaburi lililofukuliwa, na pia hufanana na paa lililodidimia. Ukikuta bonde dogo kileleni, ulizia kwanza kama kuna vijana walipita hapo na mashine ya kutafutia madini.

Kaburi na mzimu

Kaburi la Kiislamu ni tuta fupi jembamba, si kilima cha duara. Lindi ina bahati moja ya kijiografia inayorahisisha kazi: mji huu na Makka viko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo kibla ni kaskazini moja kwa moja, na kaburi hulala mashariki na magharibi, maiti kaelekea kaskazini. Tuta dogo lenye mwelekeo huo liache kabisa, hata kama halina mashahidi, yale mawe ya kichwani na miguuni, wala majina.

Kilima kikubwa chenye vitambaa, chungu na unga chini ya mti ni jambo jingine. Hapo pana tambiko, na tambiko hufanyika sana kwenye vichuguu. Sadaka zinajibu swali la nani anakitumia. Hazisemi nani yuko ndani. Lakini kwa uamuzi wa kuchimba au kuacha, jibu hilo la pili linatosha. Mahali panapotumiwa na watu kwa dua si pa kuchukulia kifusi, hata mchwa wakiwa ndio waliopainua.

Washirazi au wenyeji?

Tuseme umeshinda vichungi vyote na kilima chako ni gofu kweli. Watu watataka kujua la nani, na jibu la kwanza mdomoni ni Washirazi, au Waarabu, au Wareno. Masimulizi ya Kilwa yanamtaja Ali bin al-Hasan aliyekinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka, na wachimbaji wa kwanza waliyachukua kwa uzito. Marekani walipita njia kama hii: walowezi walidai vilima vikubwa vya nchi ile viliinuliwa na "taifa lililopotea", mtu yeyote isipokuwa wenyeji waliowakuta, mpaka ripoti ya Cyrus Thomas ya mwaka 1894 ikaonyesha kwamba wajenzi walikuwa mababu wa wenyeji haohao. Kwetu ukweli umechanganyika zaidi. Uchimbaji wa miaka ya baadaye umeonyesha miji ya pwani ilikua kutoka vijiji vya wenyeji, wavuvi na wafua chuma. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochukua pia mifupa ya Kilwa na Songo Mnara, ukakuta damu ya Kiafrika na ya Asia, hasa ya Uajemi, zimeungana tangu yapata mwaka 1000. Kwa hiyo kuchagua "Washirazi" dhidi ya "wenyeji" ni kuchagua kati ya baba na mama. Kilima kimoja hakiwezi kuamua kesi hiyo.

Nitaongeza la Mikindani, kwa kuwa huwakatisha tamaa watu wa Mtwara. Upimaji wa kiakiolojia uliofanyika huko umeonyesha kwamba kwa karne kadhaa vyungu vya eneo lile vilifanana zaidi na vya bara na vya kaskazini mwa Msumbiji kuliko vya Kilwa, na vitu vya kutoka ng'ambo vilikuwa haba. Ukiokota vigae vya udongo tu, pasipo kile cha kijani cha China, usiseme "hapakuwa na kitu". Huenda ndivyo walivyoishi.

Kabla lori halijarudi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu jengo, ngome, kaburi au jaa lililofanywa na binadamu kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu ya taifa, na aliyegundua anapaswa kutoa taarifa. Kichuguu hakimo. Matuta ya 1917 na ya karanga hayaingii yenyewe kwa sababu ya umri, yanahitaji tangazo la serikali. Kwa hiyo orodha ya washindani niliyoipitia hapo juu ina maana ya kisheria pia: gofu na jaa ndivyo vya kupeleka serikali ya kijiji, kisha kwa afisa utamaduni wa wilaya, ambaye njia yake ni Idara ya Mambo ya Kale.

Muda mzuri wa kukagua ni baada ya mvua za kwanza, shamba likiwa limesafishwa na majani hayajapanda; maji huosha vigae vikaonekana vyenyewe. Piga picha, chukua alama ya mahali (GPS) kwenye simu, uache vitu vilipo. Kigae kilichohamishiwa kwenye mfuko wa rambo hakisemi tena kilikuwa mteremko gani.

Na kama lori limeshakata upande mmoja, usisawazishe pale palipokatwa, maana ukuta huo wa udongo ndio ulinganisho wote kwa mara moja. Simamisha jembe pembeni liwe kipimo, piga picha asubuhi au jioni jua likiwa pembeni, kisha angalia. Udongo wa aina moja wenye vijia vya mchwa ni kichuguu, endeleeni na matofali. Mistari ya magamba na majivu ni jaa. Mstari mwembamba mweupe uliolala sawasawa, na vifusi juu yake, ni sakafu ya chokaa. Hapo dereva apewe soda arudi zake. Na ukikuta sakafu hiyo imekalia udongo laini wa mchwa chini yake, usibabaike kuchagua kimoja: mchwa waliinua, mtu akaja akajenga juu mahali pakavu, na taarifa yako kwa afisa utamaduni iseme hivyo hivyo.